Mpini Nilioupunguza kwa Msasa

Mpendwa Shangazi Vimlesh,

Naomba niseme hili kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu: tangu mwezi wa nane nimekuwa nikisugua kwa msasa mpini wa bastola ya klabu, kidogo kidogo, ili ukae vizuri kwenye mkono wangu, na hakuna anayejua, si mama, si mwalimu, si rafiki yangu Himanshi ambaye ndiye niliyemuumiza. Shuleni tunasoma kwa Kiingereza, nyumbani tunasema Kihindi cha huku kwetu kwenye mashamba ya miwa, na siri hii sijaweza kuitamka kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili, hata nikiwa peke yangu. Naomba msaada wako. Nilichokusudia kukuuliza hasa ni kuhusu kununua bastola yangu ya kwanza ya kupigia shabaha, ya bei nafuu, lakini utaona mwenyewe jinsi mambo haya mawili yalivyoshikana.

Nina miaka kumi na sita. Siongei sana. Klabu yetu ni banda la zamani la mizani ya miwa, mwalimu Dharamvir amepima mita kumi, ametundika taa na kadi za shabaha, na sisi wasichana kumi na mmoja tunapokezana bastola mbili za hewa, moja mbovu ya watoto wanaoanza na moja ya kijivu ambayo ndiyo bastola hasa. Ufunguo wa sanduku la bati ninao mimi. Siku mwalimu aliponipa alisema mbele ya wote, "Mpeni huyu. Hata kupiga chafya anaomba ruhusa." Wakacheka, na mimi nikacheka kwa aibu, nikaufunga ufunguo kwenye pindo la mtandio wangu, na nadhani hiyo ilikuwa siku ya furaha kuliko zote nilizopata, Shangazi, kwa sababu jioni wenzangu wakiondoka mimi nabaki dakika kumi kuifuta.

Mpini wa ile ya kijivu ni wa mbao, mnene, ulichongwa kwa mkono wa mwanaume wa kawaida. Mkono wangu ni mdogo. Kidole kilifika kwenye kifyatulio kwa ncha tu, nikivuta, mdomo wa bastola unaponyoka kushoto, na risasi inakaa kwenye duara la saba, kwenye nane, tena kwenye saba, wakati jicho langu liliona kumi, naapa liliiona. Halafu mvua zikaja na mbao ikavimba kwa unyevu, nikajiambia naondoa ule uvimbe tu, nikachukua kipande cha msasa alichobakisha fundi wa milango yetu, nikasugua pale kiganja kinapokaa. Nikapaka mafuta ya haradali ili mbao mpya isionekane. Kesho yake nilipiga kumi mara tisa. Ilikuwa kama mtu ameniita jina langu. Basi nikasugua tena wiki iliyofuata, na ile iliyofuata, nikawa nimetoka alama 538 nikafika 557 kati ya mia sita, na mwalimu akawaambia wenzangu, "Mwoneni huyu, kimya kimya anapanda."

Himanshi alikuwa anapiga 560. Ana mkono mkubwa, kama wa baba yake anayekamua nyati wanane wa kufugwa. Mwezi wa tisa akaanza kushuka, 552, 549, akafika 541, risasi zikimtawanyika kotekote kwa sababu bastola ilikuwa inamcheza mkononi, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiiona inavyocheza. Yeye hakuona. Alisema, "Mkono wangu umesahau." Alianza kuamka alfajiri kushika jagi la maji kwa mkono ulionyooka, kama tunavyofanya wote kuukaza mkono, lakini yeye analijaza pomoni na anahesabu mpaka mia tatu. Baba yake akasema ni macho, yamechoka kwa simu, akampeleka mjini Meerut akamnunulia miwani. Akaja nayo klabu.

"Niambie ukweli," akaniuliza, "naonekana kama mwalimu wa hesabu?"

"Hapana."

"Basi kama nani?"

"Kama wewe."

"Muongo wewe!" akasema, akacheka, akanimegea nusu ya chapati yake yenye sukari guru, kama kila siku, na mimi nikaila, Shangazi, niliila yote.

Nafasi ya wilaya kwenda mashindano ya jimbo ilikuwa moja. Nimeipata mimi. Himanshi alinikumbatia akasema, "Nenda ukapige na zangu pia." Mashindano ni mwezi ujao na tangu siku hiyo ninapolala naota ninapiga na kadi inarudi haina tundu hata moja.

Sasa hili la bastola. Nimejiambia nikipata yangu mwenyewe sitaigusa tena ya kijivu, na mambo yatatulia yenyewe bila mtu kujua. Baba amesema rupia elfu arobaini, basi, na ni mara moja tu. Kwenye maonyesho ya mjini kuna za elfu sita, za kuvunja katikati ndipo uweke risasi, zile za kupasulia puto. Mwalimu anasema ipo mpya inayotengenezwa hapa hapa nchini, ya mtungi wa hewa, elfu thelathini na tano, mpini wake wa kawaida tu, na anasema kwa anayeanza inatosha kabisa. Hiyo "inatosha" ndiyo inayoniumiza, kwa sababu nimeshaiona nyingine.

Ni ya Dada Sanyogita, mpiga shabaha wa kwanza wa kike kijijini kwetu, ambaye nilikuwa namtazama kupitia tundu la ukuta wa banda nilipokuwa na miaka tisa. Aliolewa mji wa mbali, Karnal, majira ya baridi yaliyopita, na bastola yake ya Kijerumani imebaki kwa baba yake juu ya kabati la nafaka, ndani ya kasha lake, na kaka yake anaiuza elfu sabini. Nilikwenda kuiona nikisingizia kuomba chachu ya mtindi. Kaka yake akanifungulia. "Shika, haiumi," akasema. Mpini wake ni wa mbao nyeusi iliyochongwa vidole, na vidole vyangu vikaingia pale vya Dada Sanyogita vilipokuwa vinakaa, si sawasawa, vyake ni virefu, lakini vikaingia. Kifyatulio chake kina hatua mbili, unavuta ya kwanza inakuja laini, halafu kinasimama, kinakungoja. Pale kinapongoja, Shangazi, hakuna kitu kingine duniani. Sijui nikueleze vipi. Nilisimama pale uani na mbuzi wananitazama na mkono wangu umenyooka na sikutaka kuushusha. Tangu siku ile nikishika kalamu nahisi kalamu ni nyepesi mno, nikishika jagi nahisi si lenyewe, hata darasani mkono unaitafuta. Mama ana magodoro na mablanketi aliyoniwekea kwenye sanduku kubwa kwa siku nitakayoolewa, na nimefikiria, naona haya kuandika, nimefikiria yangeuzwa kiasi gani.

Na yupo Baba Mkubwa Satbir. Yeye alikuja klabu mara moja, akakaa kwenye kiti cha mwalimu, akanisikiliza nikipiga risasi tano.

"Hii ndiyo bastola?" akasema. "Mbona inapumua kama sufuria ya presha ya mama yako? Siku ya harusi utampulizia bwana harusi sikioni?"

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Lakini jioni alikuja nyumbani na sauti ya upole. Alimwambia baba kwamba mpiga shabaha mwenye vyeti husikilizwa haraka kwenye ofisi ya leseni, kwa hiyo nikifikisha umri atanunua rivolva ya kweli kwa jina langu, yeye atanitunzia, na kwa sasa atanijazia pesa za ile ya Kijerumani. "Binti apate chake, na ukoo upate heshima," alisema. Baba alinyamaza. Mama alivuta mtandio mpaka kidevuni, kama ilivyo desturi, mbele ya shemeji yake mkubwa hasemi, akanisukuma kwa kiwiko nimletee chai. Tangu siku hiyo kila tukionana Baba Mkubwa ananikonyeza kama tumeshaelewana.

Kwa hiyo naomba uniambie, Shangazi, ninunue ipi? Nichukue pesa ya Baba Mkubwa nipate ile ninayoiota? Nichukue ya kawaida? Na je, nikishakuwa na yangu, ni lazima niseme kuhusu ule mpini?

Barua hii nimeianza mara tatu. Kila nikisikia mtu mlangoni naiingiza ndani ya kitabu cha kemia. Sasa hivi namsikia mama anatoka kwa nyati, najua ni yeye kwa bangili na kwa ile ndoo anayoibwaga kila siku palepale, ameshafika barazani, anavua kandambili, na kitabu cha kemia kipo hapa mkononi mwangu. Nakiweka chini. Karatasi naiacha mezani ilivyo. Mlango unafung

*

Mwanangu,

Nimeichapa barua yako hapa gazetini mpaka pale kalamu ilipoachia. Majina nimeyabadilisha, na kijiji sikutaja. Lakini chini ya ukurasa wako kuna mistari ya penseli, mwandiko wa mtu asiyeandika mara kwa mara, nayo naichapa kwa sababu imeandikiwa mimi: "Nimesoma yote. Mbele ya shemeji yangu sisemi ila kwenye karatasi nasema. Pesa yake hatutaki. Elfu arobaini zipo, nimezihesabu. Hilo la miwani mwambie wewe dada yangu, mimi nikianza nitapiga kelele na mtaa mzima utasikia. Mama yake."

Basi mama yako amenitwika kelele zake, na mimi nitazipiga.

Umemvalisha mtoto wa watu miwani! Macho yake mazima, wewe unajua ni mazima, na kila siku unakaa naye unamegewa chapati. Unaniuliza kama "ni lazima" useme. Wewe ungekuwa huamini kwamba ni lazima, ungeniandikia mistari mitano kuhusu bei ukaishia hapo. Hukunificha, sasa usijifiche.

Usinielewe vibaya. Hamu yako naijua. Mimi sijawahi kushika bastola, lakini niliwahi kutaka cherehani ya mtu mpaka nikawa napita nyumbani kwake kusikiliza inavyolia. Kutaka kitu hivyo si dhambi, na msichana anayekijua anachokitaka kwa kipimo cha kidole hadi kifyatulio, mimi nampenda kabla sijamwona. Kosa lako si hamu. Kosa ni kwamba kitu cha kumi na mmoja umekifanya cha mmoja, ukakipaka mafuta juu.

Sasa bastola. Kwa kuwa mimi sijui, nilimpigia mzee mmoja anayetengeneza silaha za shabaha kwa miaka ishirini na sita, nikamsomea barua yako bila majina. Akasema, "Huyo mtoto ana mkono. Mwambie haya," na haya ndiyo aliyosema.

Ile ya puto iache hukohuko kwenye puto. Inaruka mkononi kila ukipiga, utajifunza makosa ambayo utalipia miaka miwili kuyasahau.

Ile ya Kijerumani ni nzuri, hakukataa. Lakini mtungi wake wa hewa umepigwa muhuri wa tarehe, na ikishapita miaka kumi wakaguzi wa mashindano hawaupokei. Wewe ulimtazama Dada Sanyogita ukiwa na miaka tisa, sasa una kumi na sita, kwa hiyo fanya hesabu: utanunua kwa elfu sabini kitu ambacho pengine kitadai mtungi mpya mwaka ujao, na mtungi wenyewe hupati dukani kwenu. Halafu mpini. Umechongwa kwa vidole virefu vya mtu mwingine. Utafanya nini nao, mwanangu? Utachukua msasa tena?

Na hapa naongeza langu, si la mzee. Kaka yake anauza. Mwenyewe ameulizwa? Mwanamke kuolewa Karnal si kufa. Pengine kila siku mkono wake nao unaitafuta, kama wako unavyoitafuta. Mpigie simu, si kwa ajili ya kununua. Mwambie tu kasha liko juu ya kabati la nafaka na lina bei.

Pesa ya Baba Mkubwa, hapana, na mama yako ameshasema hapana kwa penseli. Rivolva kwa jina lako iliyoko kiunoni mwake, siku atakapofurahi harusini akapiga hewani na risasi ikamshukia mtu, polisi watakuja na karatasi kutafuta jina lililoandikwa. Jina ni lako. Akikukonyeza tena mwangalie tu mpaka aone haya. Wewe kwa kunyamaza una kipaji, kwa mara ya kwanza kitumie vizuri. Na baba yako, kama anasoma hapa: kunyamaza kwako wewe hakujanipendeza.

Nunua ile mpya ya hapa nchini. Mzee anasema mtutu wake unapiga kumi kwa yeyote anayeweza kupiga kumi, na 557 umeipata kwa bastola ya banda la miwa, kwa hiyo hoja ya Ujerumani imekwisha. Usiinunue kwa picha ya simu. Nenda na mwalimu, piga angalau risasi thelathini, sikiliza kama mtungi unavuja, jaribu kama kifyatulio kinasimama mahali palepale kila mara. Shika risiti, na karatasi zinazotakiwa muulize mwalimu kabla ya kulipa, si baada. Mpini wake usugue unavyotaka, ni wako, lakini kidogo, halafu piga wiki nzima ndipo usugue tena. Ukipitiliza jazia kwa lipu ya mbao. Na uache nafasi, mzee anasema, kwa sababu mkono wa miaka kumi na sita haujamaliza kukua. Nyumbani ikae tupu bila risasi, ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo akae nao mama yako. Wageni wa Baba Mkubwa hawaonyeshwi.

Zitabaki elfu tano. Hizo si zako. Mipini inauzwa peke yake, inafungwa kwa skrubu moja, na mzee anao wa ile ya kijivu, wa ukubwa wa kawaida, ambao ubao wa chini ya kiganja unapanda na kushuka kwa mkono mkubwa na mdogo. Nimemwambia auweke kando. Utaulipia wewe, utaufunga wewe, mbele ya wote kumi.

Lakini hayo ni ya wiki ijayo. Ya kwanza ni mwalimu Dharamvir: fungua pindo la mtandio, weka ufunguo juu ya meza yake, ndipo useme. Ukitanguliza ufunguo, maneno hayatakuwa na pa kurudi. Omba wewe na Himanshi mpige upya kwa ile nafasi, kila mmoja kwa mpini unaomkaa. Ndiyo, unaweza kushindwa. Utalia, na mashindano ya jimbo utayasikiliza kwenye simu ya mtu. Lakini ukishinda, utakuwa umeshinda wewe, na hizo ndoto za kadi zisizo na tundu zitakwisha.

Halafu Himanshi. Si kwa barua, barua umeshaandika moja, inatosha. Uso kwa uso, na usimwambie "tulikosea" wala "mpini ulipungua." Sema "nilisugua." Akikupiga kofi, simama. Akikaa wiki asikumegee chapati, hiyo ni haki yake, na wewe ndiye utakayebeba chapati.

Fanya hivyo siku utakayosoma gazeti hili, na ufanye kabla ya mazoezi. Ukingoja mpaka yaishe, atakuwa amepiga risasi sitini nyingine akiamini ni kosa la mkono wake.

Shangazi Vimlesh